Daftari la Kombi

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Mvua tangu saa nane usiku. Saa kumi na mbili asubuhi nimezungusha ufunguo. Demareri, yaani mota ya kuwashia injini, imezunguka, polepole lakini imezunguka, moto haukushika. Nimejaribu mara sita nikaacha, maana betri huku kwetu haichezewi. Hakuna nguzo ya umeme kwenye kilima chetu. Kinachowaka usiku kimekula jua la mchana.

Barabarani yalikuwa yanangoja magunia tisa ya serizi, yaani kahawa mbivu ikiwa bado na ganda lake jekundu. Serizi haina subira. Ikichumwa leo, ipite leo hii kwenye mashine ya kumenyea. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na mnunuzi anaitambua kwa kunusa. Magunia manne yamekwenda kwa pikipiki, matano kwa vichwa vya akina mama. La mwisho limefika kituoni, penye mashine hiyo, saa moja usiku.

Saa nne nilikuwa nimefungua kifuniko cha deliko, yaani kigawa umeme cha buji (plagi). Ndani kulikuwa na umande, matone madogo kama jasho la puani. Nimekifuta kwa kitambaa kikavu, nikakiweka kando ya mbabula kwa muda wa kuchemsha chai. Nilipokirudisha, gari limewaka mara moja. Lakini wakati huo mizigo ilikuwa imeshaondoka.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua tena, umande tena. Leo nimekigeuza kifuniko juani nikakikagua kwa miwani. Kuna mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kutoka mguu wa waya wa pili hadi wa tatu. Ni njia ambayo umeme umejichomea ndani ya plastiki. Hewa ikiwa kavu hauipiti. Hewa ikiwa na unyevu unaipita, na buji inabaki bila kitu.

Niandike mara moja gari hili ni lipi, ili mtoto atakayelirithi daftari ajue. Ni Kombi ya Volkswagen ya mwaka 1972, injini ya 1600 iko nyuma, inapozwa kwa hewa, haina radieta. Tuliinunua mimi na kaka zangu mwaka 2011, ikavushwa kutoka Bukavu juu ya boti ya mbao iliyozoea kubeba ng'ombe. Kisiwa chetu, Idjwi, kina sheferi (tawala za machifu) mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Huku kusini Kombi ninayoijua ni hii moja. Wajerumani waliacha kutengeneza aina hii mwaka 1979, Wabrazili wakaendelea hadi 2013. Kwa sababu hiyo vipuri bado vinapatikana, mtu akivuka ziwa.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeukwangua ule mstari mweusi kwa ncha ya kisu mpaka plastiki safi ikaonekana, kisha nimepaka rangi ya kucha ya binti yangu, mikono miwili. Dawa hiyo niliiona kwa dereva mmoja wa lori zamani. Binti amesema chupa ilikuwa mpya. Ni kweli, ilikuwa mpya. Nimemwahidi nyingine nikienda Bukavu.

Usiku mvua kubwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Asubuhi injini imewaka ingawa kila kitu kimelowa. Nimefurahi sana.

Magunia kumi na moja. Kwenye mpando baada ya shule, kama kilomita tatu kutoka nyumbani, injini imekohoa, ikazimika. Demareri ilizunguka kwa uvivu, moto hakuna. Nimezungusha ufunguo tena na tena. Kijana wangu wa tatu alikuwa nyuma akiangalia injini. Ameshika kebo ya kuongezea mafuta, ile inayovuta kabureta, akaiachia haraka akisema inachoma. Nimemwambia injini ya moto huchoma, asiguse.

Tumekaa dakika ishirini. Gari limewaka lenyewe kana kwamba halikuwahi kuzimika. Tumefika kituoni saa kumi.

Njiani kila mtu amesema lake. Mwenye pikipiki: mafuta yana maji. Muuza mananasi: buji zimechakaa. Shemeji yangu, ambaye aliwahi kumiliki teksi Bukavu: "Bobini hiyo. Ikipata joto inalala. Nunua ingine, usipoteze wakati."

Ijumaa, 5 Aprili

Imezimika mahali palepale, imepumzika dakika zilezile, imewaka. Nimeamua ni bobini, kile kinachozaa umeme mkubwa wa cheche.

Jumamosi, 6 Aprili

Boti ya saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa lilikuwa limetulia. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakirudi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja. Bukavu nimefika saa tatu, nikapanda moja kwa moja hadi soko la Kadutu.

Noti yangu ya dola 20 ilikuwa na mpasuko wa nusu sentimita pembeni. Wauzaji watatu wameikataa. Wa nne ameipokea kama dola 15. Bobini ya volti 12, dola 25. Sikuomba ipimwe, sikuuliza upinzani wake. Nimeifunga ndani ya gazeti nikaondoka.

Rangi ya kucha nimeisahau.

Jumapili, 7 Aprili

Baada ya misa nimefunga bobini mpya. Nimepanda mpando wa shule bila mzigo, kujaribu tu. Kilomita tatu: imekohoa, imezimika. Nimekaa dakika ishirini juu ya jiwe. Imewaka.

Dola 25 na nauli ya boti kwenda na kurudi.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemtumia ujumbe fundi mzee wa kijiji cha juu. Alitengeneza magari Bukavu tangu enzi za Zaire mpaka macho yake yalipoanza kuchoka, akarudi nyumbani kulima. Amekuja saa tisa alasiri na mfuko wa ngozi. Ndani ya mfuko: bisibisi mbili, kipande cha msasa, jauji ya kupimia nafasi, na balbu ndogo ya volti 12 iliyounganishwa na nyaya mbili. Basi.

Amekaa, amekunywa maji, ameniuliza: "Mwalimu, umepima nini?"

Nimemwambia nimebadilisha bobini.

"Nimekuelewa. Umepima nini?"

Sikuwa nimepima kitu. Nimemwambia hivyo. Hakunisema, amevua koti tu, akaomba tungoje giza.

Saa moja na nusu tumechomoa waya mkubwa wa katikati ya deliko, tukausogeza karibu na chuma cha injini, mke wangu akazungusha ufunguo. Cheche ilikuwa ya manjano, nyembamba, inaruka na kukosa. Mzee amesema cheche nzuri ni ya samawati na ina sauti, inapiga kama kiboko. Kisha amefungua platini na kuniwekea tochi ya simu karibu. Upande mmoja kulikuwa na shimo, upande wa pili kichuguu kidogo, chuma kimehama kutoka huku kwenda kule. Sura nzima ilikuwa imeungua buluu.

"Bobini yako ya zamani iko salama," amesema. "Kondansateri ndiyo imechoka."

Naandika alivyonieleza, kwa maneno yangu. Platini ni vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa betri unapita ndani ya bobini na kuigeuza sumaku. Vikiachana, usumaku unaporomoka kwa ghafla, na mporomoko huo ndio unaozaa maelfu ya volti yanayoruka kwenye buji. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, vidomo vinaachana mara 6000 katika dakika hiyohiyo. Kondansateri ni kikopo kidogo kama kidole cha mtoto, na kazi yake ni kumeza umeme unaotaka kurukia pengo la platini. Ikichoka, umeme unaruka hapo, platini zinaungua, buji inapata masalio. Kuna kondansateri inayofanya kazi ikiwa baridi, inaacha ikipata joto, inarudi ikipoa. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Dakika zile ishirini zilikuwa zake.

Kabla ya kulala nimetoka nje kidogo. Mvua imekatika, taa za ng'ambo ya Rwanda zinaonekana. Kule Karongi kuna mtambo unaovuta gesi ya methani kutoka chini ya ziwa hilihili na kutoa megawati 26; ulizinduliwa 2016. Sisi tulio katikati ya ziwa tumepima cheche kwa tochi ya simu. Natamani nione siku ambapo gesi hii itawasha taa Idjwi pia.

Jumanne, 9 Aprili

Kondansateri imepatikana bila kuvuka maji. Nyuma ya kanisa kuna Land Rover iliyokufa miaka mingi, katekista ameturuhusu. Kikopo chake si cha umbo letu, hakiingii mahali pake, lakini fundi mzee amesema kinachotakiwa ni uwezo wake, na huo katika magari ya platini haupishani sana. Amekifunga nje, kwa skrubu ya kishikio cha bobini, waya wake kwenye mguu namba 1.

Platini amezisugua kwa msasa, nafasi milimita 0.4 kwa jauji. Kisha amepima wakati wa moto bila chombo chochote zaidi ya ile balbu: waya mmoja kwenye namba 1 ya bobini, wa pili kwenye chuma, ufunguo umefunguliwa, injini imezimwa. Nimezungusha puli kwa spana hadi alama ya digrii 7.5. Yeye amegeuza deliko taratibu. Platini zikiwa zimegusana, balbu imezimika. Zinapoachana tu, inawaka. Mahali ilipowaka ndipo alipokaza bolti. Watoto saba walikuwa wakitazama na hakuna aliyesema neno.

Nimemuuliza kwa nini sisi tunasema deliko wakati mafundi wa Nairobi wanasema distributa. Amesema ndivyo walivyofundishwa na Wabelgiji, hajui zaidi. Jibu nilikuwa nalo, nimelisoma zamani katika kitabu: ni herufi za mwanzo za karakana ya Dayton, Ohio, iliyoanzishwa 1909 na Charles Kettering na mwenzake Edward Deeds. Ndiyo iliyotengeneza mfumo huu wa betri, bobini na platini, na demareri ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Mzee amelifurahia jambo hilo. Amesema miaka arobaini amelitaja jina la karakana asiyoijua.

Jumatano, 10 Aprili

Kosa langu. Nimechomoa nyaya za buji nizisafishe, nikazirudisha kwa kumbukumbu. Mpangilio wa moto ni 1-4-3-2. Mimi nimepishanisha ya tatu na ya pili. Nilipozungusha ufunguo injini imepiga mshindo kama bunduki kupitia bomba la moshi. Kisiwa hiki kilipokea watu wengi waliokimbia bunduki za bara. Mshindo kama ule hausikiki kama utani. Jirani, mama mzee, ametoka nyumbani ameshika mlango. Nimekwenda kwake kuomba radhi, nikakaa naye robo saa. Kuku wake hawakurudi hadi jioni.

Nimefunga uzi wa rangi kwenye kila waya: mweupe, mwekundu, kijani, mweusi. Mpangilio nimeuandika kwa rangi ndani ya mlango wa injini.

Alhamisi, 11 Aprili

Mpando wa shule, magunia kumi na mbili: haikuzimika. Safari mbili.

Ijumaa, 12 Aprili

Sasa demareri. Nimezungusha ufunguo: "tak". Mara ya pili: "tak". Taa ya dashibodi inafifia kama mshumaa mbele ya mlango. Nimepeleka betri kwa kijana anayechaji simu za watu kwa sahani za jua, ikakaa kwake siku nzima. Jioni nimeirudisha imejaa. "Tak."

Wanafunzi sita wamesukuma gari kwenye mteremko, limewaka. Nimewapa mananasi mawili. Wameyagawana sawasawa, nimeona kwa macho yangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Leo sikununua kitu. Nimemwomba kijana wa kuchaji simu aje na kipimo chake cha volti, nikamlipa kwa saa moja.

Betri peke yake: 12.6. Nzima.

Betri wakati mke wangu anazungusha ufunguo: 11.4. Bado nzima.

Mguu mmoja wa kipimo kwenye kichwa kinene cha demareri, mguu wa pili kwenye chuma cha demareri yenyewe, ufunguo unazungushwa: 7.1.

Tumetazamana. Volti zaidi ya 4 zimepotelea njiani. Waya mwekundu mnene ulikuwa safi mwanzo hadi mwisho. Ndipo kijana akaweka mguu mmoja kwenye chuma cha injini na mguu wa pili kwenye bodi ya gari. Hapo kipimo kingepaswa kukaa karibu na sifuri. Kimesoma 3.9.

Masi. Ile njia ya kurudi. Sisi wote hufuata umeme unapokwenda, na kumbe lazima urudi. Injini na giaboksi za Kombi zimekalia raba, hazigusani na bodi chuma kwa chuma. Kinachoziunganisha ni mkanda mmoja wa nyuzi za shaba kule mbele ya giaboksi, chini kabisa, mahali ambapo tope la barabara zetu linagonga kila siku. Nimelala chini kwa mgongo. Mkanda ulikuwa wa kijani, umekauka kama ukoka wa Agosti. Nimeugusa, umekatika mkononi.

Hapo nimekumbuka kidole cha kijana wangu. Umeme wa demareri, amperi mia na zaidi, ulikuwa ukitafuta njia nyingine ya kurudi, ukaipata kwenye kebo ya kuongezea mafuta. Kebo ilikuwa inachoma tangu tarehe 4. Nilimwambia mtoto asiguse. Ningemuuliza inachoma wapi, tungeokoa siku tisa.

Nimemwita nikamweleza yote, na nikamwambia yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kwanza. Amesema alijua kwamba si joto la injini, kwa sababu upande wa pili wa kebo ulikuwa na moto pia.

Kabla kijana wa simu hajaondoka tumepima bobini ya zamani. Upande wa kwanza omu 3.2, upande wa pili omu 8,000. Nzima kabisa. Nimeirudisha ndani ya gari, nikaitoa mpya.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikugusa gari.

Jumatatu, 15 Aprili

Mkanda wa masi tumeutengeneza kwa kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, sentimita 30, kichwa cha shaba kila upande, kimegongwa na kumiminiwa risasi. Mahali pa kufunga, kwenye bodi na kwenye giaboksi, nimesugua kwa msasa mpaka chuma cheupe. Kazi hiyo imechukua saa mbili kati ya saa mbili na nusu zote, nami nasema ndiyo kazi yenyewe. Waya mpya juu ya kutu ni sawa na kutofunga. Baada ya kukaza nimepaka grisi ili maji yasiingie.

Demareri imezunguka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu 2011. Hata cheche imekuwa nene zaidi, maana betri haipotezi nguvu tena wakati wa kuwasha. Mke wangu ametoka jikoni kuuliza ni gari la nani limekuja.

Jumatano, 17 Aprili

Magunia kumi na nne, safari mbili. Baada ya safari ya pili, injini ikiwa moto, nimezungusha ufunguo: kimya. Hata "tak" haikuwepo. Nimesubiri nusu saa, imekubali.

Nimepima kabla sijafikiri. Mguu mdogo wa demareri, namba 50, ufunguo ukiwa umezungushwa: volti 8.3. Umeme unatoka kwenye betri nyuma, unakwenda mbele hadi kontakti ya ufunguo, halafu unarudi nyuma hadi demareri, mita nyingi za waya mwembamba wenye miaka 47 na viunganishi vilivyochoka. Chuma cha demareri kikipata joto kinataka nguvu zaidi ya hiyo.

Alhamisi, 18 Aprili

Rele. Imetoka kwenye Toyota iliyoachwa na mradi fulani karibu na bandari. Mlinzi amepokea chakula cha mchana. Nimeifunga karibu na demareri: waya wa ufunguo kwenye 86, masi kwenye 85, waya mnene kutoka betri kwenye 30, kutoka 87 kwenda namba 50. Sasa ufunguo unaamsha rele tu, na rele ndiyo inayobeba kazi.

Namba hizi nazipenda. Ni za kanuni ya Kijerumani: 30 ni betri, 15 ni ufunguo, 31 ni masi, 50 ni demareri. Zimeandikwa hivyohivyo kwenye gari la Ujerumani la 1972 na kwenye rele hii niliyoipata. Fundi asiyejua Kifaransa wala Kijerumani anasoma namba anafunga. Nimewapa watoto wa darasa la sita wazichore, nitawauliza wiki ijayo.

Ijumaa, 19 Aprili

Ijumaa Kuu. Wakati nasubiri njia ya msalaba ianze nimefungua sanduku la fyuzi. Fyuzi tatu kati ya kumi na mbili zimefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Plastiki ya chini imeyeyuka kama nta.

Hili limenikasirisha na bado linanikasirisha ninapoandika. Fyuzi ya amperi 8 inakatika ili waya usiungue. Ukiifunga karatasi ya sigara, waya ndio utakaokatika, na waya unapita chini ya viti ambapo akina mama wanakaa na watoto migongoni, juu ya tangi la petroli. Sijui nani alifanya. Inawezekana ni mmoja wa kaka zangu. Inawezekana hata mimi nilikuwepo nikaona ni akili. Nimeziondoa zote tatu. Taa za breki zimekufa papo hapo, maana kweli kulikuwa na hitilafu.

Jumamosi, 20 Aprili

Hitilafu ya taa za breki: waya umemenyeka chini ya zulia la dereva, unagusa bodi. Ni panya. Ameacha kiota cha majani ya maharage na kipande cha tiketi ya boti. Nimeunganisha waya, nikaupitisha ndani ya bomba la plastiki, nikaweka fyuzi ya kweli.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Niliahidi kubeba kwaya kutoka kilima cha pili kwa mkesha wa jana usiku. Taa ya mbele ya kushoto ilizimika saa tatu, ya kulia saa tatu na dakika kumi. Tumeendelea kwa mwendo wa miguu, wanaume wawili mbele wameshika tochi za simu, kwaya ndani ikiimba. Tumefika baada ya somo la kwanza. Padri alituona tukiingia, akatungoja tukae.

Leo nimepima: masi ya taa zote mbili ni skrubu moja, na skrubu imeota kutu. Msasa, grisi, dakika kumi.

Jumatano, 24 Aprili

Fundi mzee amepita akielekea sokoni. Nimemwonyesha mkanda, rele, fyuzi. Amelala chini akatazama mkanda muda mrefu. Amesema: "Sawa." Amekataa pesa, amekubali kilo mbili za sambaza kavu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua tangu saa tisa usiku. Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nimezungusha ufunguo. Imewaka mara ya kwanza. Magunia thelathini na moja, safari tatu, la mwisho limefika kituoni saa nane na nusu mchana, na mashine ya kumenyea imelipokea likiwa bado na harufu ya shambani. Akina mama waliokuwa wakibeba kwa vichwa wamekwenda kuchuma zaidi.

Rangi ya kucha imeletwa na shemeji kutoka Bukavu.

Ndani ya gari imo bobini ya zamani. Ile mpya iko ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, nimeiandika "nzima, omu 3.1". Mwenye gari la volti 12 huku kusini anayehitaji bobini, aje kwanza na ya kwake tuipime. Ikiwa imekufa kweli, nitampa hii kwa dola 25 nilizonunulia.